Sahani Iliyostawi

Katika nchi ya Ustawini hakuna vijidudu. Hakuna hata kimoja, na anayebisha alete chake tukione. Vilipigwa marufuku bungeni mchana kweupe, kwa kura za ndiyo na meza kugongwa, na Waziri wa Afya, Mheshimiwa Fundikwa Lubango, akaviambia redioni vifungashe virago vyao vivuke mpaka kabla ya swala ya Ijumaa. Tangu hapo, mwananchi wa Ustawini akiharisha ni ukaidi wake mwenyewe.

Nayasema haya nikiwa kibandani kwa Shomvi, nje ya geti la hospitali kuu, chai mkononi, na wote mlio kwenye benchi hili mnaniona nilivyo makini.

Tatizo ni mguu wa Bi Semeni.

Bi Semeni alikuwa mama yake Dakta Tunu, na Dakta Tunu alikuwa mpimaji katika Taasisi ya Taifa ya Mizizi, Magome na Maelekezo. Mama wa watu alijikata muundi kwa kipande cha bati akifukuza kuku jikoni. Kidonda kilianza kama kifungo cha shati. Kufika wodini kilikuwa kama kisahani cha kikombe, kingo za kijani, katikati rangi ya uji uliolala. Kilitoa maji yasiyoisha. Shuka la hospitali liliganda humo, na kila walipolibandua liliondoka na kitu. Nzi walikuwa wanakuja kwa ukoo.

"Shikamoo mama," Tunu akasema siku hiyo, akikaa kitandani.

"Marahaba. Usiniinamie hivyo, utatapika."

"Sitapiki, mama. Ni kazi yangu."

"Kazi yako! Mimi mwenye mguu unanitia kinyaa, sembuse wewe unayetoka kula. Hebu nione, umekula nini? Maharage. Tena ya jana."

Chini kidogo ya goti, daktari wa zamu alikuwa amechora mstari kwa kalamu ya wino. Akamweleza Tunu pembeni: wekundu ukiuvuka mstari ule, mguu ndio basi tena, na wakichelewa kuukata, mama naye ndio basi tena. Kati ya wekundu na mstari palikuwa na nafasi ya vidole vinne.

"Sasa mnampa dawa gani?" Tunu akauliza.

Muuguzi aliyesimama kando yao akaangalia dari. Dawa za kigeni zilikuwa zimefukuzwa nchini kwa utovu wa uzalendo. Zilizobaki zilikaa kwenye jokofu la viongozi, ambako zilikuwa zinahojiwa. "Dada yangu, sisi tunasubiri Dawa ya Taifa," akasema. "Kwa sasa tunampepea."

*

Dawa ya Taifa ilikuwa gome la Mti wa Taifa.

Mti huo umesimama nyuma ya Ikulu. Jina lake halijulikani, kwa sababu aliyewahi kuliuliza alihamishwa kituo cha kazi na hajafika huko mpaka leo. Inasemekana Baba Mstawishaji, Rais wetu, zamani alipokuwa mtu wa kawaida, aliuegemea akapata wazo la kuwa Rais. Basi mti ukawekewa walinzi. Nao walinzi, kwa kuwa vyoo vya Ikulu ni vya wenye vyeo, wakawa wanajisaidia palepale shinani, kwa zamu, kwa heshima zote, saluti kwanza. Miaka nenda, miaka rudi. Gome likalainika, likatoa ute, likaota ukoga kama ulimi wa mgonjwa wa homa. Mbwa wa Ikulu wenyewe wakifika pale huinua mguu, hunusa, huushusha, wakaenda kutafuta ustaarabu kwingine.

Waziri aliamuru gome hilo lipimwe ili lishinde kihalali. Dakta Tunu akaambiwa achague gome jingine la kushindana nalo.

"Mpinzani awe dhaifu," akasisitiza mkurugenzi wake, Profesa Mbaruti, mtu aliyeoga manukato mpaka kope. "Lakini asionekane dhaifu. Unanielewa, mwanangu? Kama kwenye uchaguzi."

Tunu akachagua mkwaruzi, kichaka cha miiba kinachoota kando ya reli. Kwao, wanawake huchemsha gome lake wakaoshea ng'ombe vidonda. Profesa akalitazama gome lile kavu, jekundu, lisilo na nasaba yoyote, akaridhika.

Gome la Taifa liliwasili kwa gari la king'ora, ndani ya sanduku la kioo, juu ya mto wa hariri. Mto ulikuwa umeshalowa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unakausha gome, unalitwanga, unaliloweka kwenye spiriti, unachuja. Mkwaruzi ukatoa maji mekundu kama chai ya rangi. La Taifa likagoma kukauka. Lilipolowekwa likatoa povu, povu likatoa uzi, ule uzi wa bamia, halafu kitu kikapanda polepole kutoka chini ya chupa, kikafika juu, kikapasuka: pwaa! Tunu akavaa barakoa, juu ya barakoa akafunga mtandio, na bado macho yalimtoka machozi kama aliyefiwa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kujua kama gome linaukinga mwili na kutu, maana mwili nao, wasomi wanasema, huliwa kidogo kidogo kama bati. Unachukua kichupa cha maji ya zambarau, unadondoshea dawa. Dawa yenye nguvu huifuta zambarau mpaka maji yakawa njano. Dawa isiyo na nguvu huiacha zambarau ilivyo. Mkwaruzi uliingia, maji yakawa njano kabla hujamaliza kusema bismillahi. Gome la Taifa liliingia, maji yakabaki zambarau, ila juu palielea kipande cha kitu ambacho Tunu hakutaka kukijua.

Kipimo cha pili kilikuwa cha vijidudu, vile ambavyo hatuna. Tunu alichukua sahani ndogo za kioo zenye rojo iliyoganda, akaipaka usaha. Usaha wa nani? Wa mama yake. (Shomvi, usiniangalie hivyo, Tunu mwenyewe alivumilia.) Katikati ya kila sahani akaweka kikaratasi cha duara kilichochovywa kwenye dawa, akaziacha zilale kwenye joto. Ukikuta asubuhi duara tupu limezunguka kikaratasi, ujue dawa imeua. Usipolikuta, ujue vijidudu vimekula na kusaza.

Asubuhi akafunua kabati.

Kwenye sahani ya mkwaruzi palikuwa na duara safi, pana, tupu, linalong'aa kama upara wa shehe. Hapakuwa na kitu ndani yake. Tunu akaegemea meza akalia, safari hii si kwa harufu. Ule usaha ulikuwa wa mama yake. Duara lile lilikuwa mguu wa mama yake.

Kwenye sahani ya Taifa vijidudu vilikuwa vimepanda juu ya kikaratasi, vikakilalia, vikakitafuna. Na kikaratasi nacho kilikuwa kimekuja na wageni wake: manyoya ya kijani, vipele vyeusi, na ute wa waridi uliokuwa unakwea ukingo wa sahani kwa nia ya kutoka nje kutafuta maisha.

"Profesa!" Tunu akakimbia ofisini. "Mkwaruzi unafanya kazi! Nipe ruhusa nichemshe leo hii, mama yangu amebakiza vidole viwili kufika mstari."

Profesa akajipulizia manukato kwanza. "Waziri anakuja mchana."

"Nitarudi kabla ya mchana."

"Mwanangu, matokeo hayajatokea mpaka Waziri ayaone." Akaichukua chupa ya mkwaruzi, akaifungia kabatini, na ufunguo akautia ndani ya soksi. "Na geti limefungwa. Hakuna kutoka. Usalama."

*

Mheshimiwa Lubango aliingia maabara na msafara wake, kila mmoja kavaa kitu cha zambarau. Niwakumbushe wageni wa nchi hii: zambarau ni rangi ya chama tawala, na njano ni ya wapinzani, wale wachache walio nje ya jela. Kidole cha shahada cha Mheshimiwa kilikuwa kimefungwa bandeji nene. Watu wa mtaani wangesema ana mdudu wa kidole, lakini wadudu tulishawapiga marufuku, kwa hiyo ilikuwa ni pambo.

"Tumestawi?" akasalimia.

"Tumestawi mpaka tumepitiliza!" wakajibu wote, maana ndiyo salamu ya nchi.

Akasimama mbele ya vichupa viwili. "Hii njano ni nini?"

"Ni mkwaruzi, Mheshimiwa," Tunu akasema. "Maji yalikuwa zambarau, yakabadilika baada ya..."

"Yakabadilika!" Waziri akageukia msafara. "Mmesikia? Tone moja tu, limeshahama chama! Na hiki?"

"Hicho ni cha Gome la Taifa. Hakikubadilika hata kidogo, na maana yake ni kwamba..."

"Hata kidogo." Waziri akavua miwani, akafuta jicho kwa ule mkono mzima. "Limetikiswa, limetiwa spiriti, limewekwa kwenye kioo kama mhalifu, na limebaki zambarau. Ndugu zangu, mimi nina makada ambao hawawezi hivyo."

Makofi. Wakaenda kwenye sahani.

"Hii mbona ina upara?" Mheshimiwa akauliza, akiinyooshea ya mkwaruzi kidole chenye bandeji. "Eneo lote hili halina kitu. Hakuna makazi, hakuna shughuli. Ni jangwa!" Kisha akaiona ya pili, na sauti ikamshuka kama mtu aliyeingia msikitini. "Lo! Na hii?"

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo..."

"Hii imestawi."

Neno hilo likishatamkwa na kiongozi halirudi. Msafara mzima ukalirudia kwa kunong'ona: imestawi, imestawi.

"Tazameni kijani. Tazameni weusi. Tazameni hawa wa waridi wanavyopanda. Kila kabila lipo humu, wanaishi kwa amani, hakuna anayemsukuma mwenziwe!" Akafunua kifuniko ili avute hewa ya ustawi kwa kifua chote. Uso ukawa kijivu. Shingo ikapanda, ikashuka. Alichokuwa anakirudisha akakimeza, kwa uzalendo, na msafara mzima nao ukameza.

"Mheshimiwa, hivyo ni vijidudu," Tunu akasema.

Profesa Mbaruti akapatwa na kikohozi cha kufa mtu. "Dakta anasema... kho! kho!... anasema amefurahi sana."

"Na mimi nimefurahi naye. Nasikia mama yako ni mgonjwa, Dakta?"

Tunu akashtuka. "Ndiyo, Mheshimiwa. Mguu."

"Basi zawadi yako ni hii: mama yako atakuwa mwananchi wa kwanza kuoshwa kwa Dawa ya Taifa. Kesho, uwanja wa hospitali, mbele ya kamera. Na hiki kichaka cha upara kifyekwe. Chote. Leo."

Kikafyekwa. Jioni Tunu alipofunguliwa geti, alikimbia mpaka reli akiwa na kisu cha jikoni. Alikuta visiki vinafuka moshi, na vijana wa hamasa wa chama, fulana za zambarau, wakiimba. Akachimbua chini ya majivu kwa kucha. Hata mizizi ilikuwa imemwagiwa dizeli.

*

Siku ya pili uwanja ulijaa. Bi Semeni aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kavalishwa gauni la zambarau lililokatwa pindo upande mmoja ili kidonda kionekane vizuri kwenye televisheni. Wekundu ulikuwa umegusa mstari. Kando yake paliwekwa pipa la Dawa ya Taifa, limefunikwa bendera, na bendera ilikuwa inapumua: inapanda, inashuka.

"Tunu, hicho kinachonuka ni mimi?" Bi Semeni akauliza.

"Si wewe, mama."

"Alhamdulillahi. Nilidhani nimeshakufa hamjaniambia."

Waziri akahutubia. Akasema mataifa makubwa yanapambana na vijidudu kwa sababu yameshindwa kuishi navyo vizuri. Akasema gome letu halibagui. Akamwita Dakta Tunu apokee medali na kusema neno moja la shukrani, akampa kipaza sauti.

Tunu akakishika. Profesa Mbaruti akaanza kukohoa mapema, ili awe tayari.

"Jamani," Tunu akasema, "sahani iliyopewa ushindi ni sahani ya vijidudu. Vilivyoota mle ni vijidudu. Ndani ya pipa hili ni mkojo na ukungu. Msimwoshe mama yangu."

Waziri akasogea, akatabasamu, akainamia kipaza sauti kilekile.

"Vijidudu vya wapi, Dakta?"

"Vya... vya humo. Vya hapahapa."

"Vya hapahapa!" Waziri akainua mikono. "Mmesikia, ndugu wananchi? Havikuagizwa nje! Ni vya nyumbani! Vile tulivyovifukuza vilikuwa vya kigeni. Hivi ni vyetu, vimezaliwa hapa, vimekulia Ikulu!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Tunu akatoa ombi ambalo mpaka leo halijatekelezwa: "Basi Mheshimiwa aanze yeye. Afungue bandeji, achovye kidole chake kwenye pipa. Kisha na mama yangu ataoshwa."

Hapo ndipo utajua kiongozi ni kiongozi. Mheshimiwa Lubango alikitazama kidole, akalitazama pipa, bendera ikapanda, ikashuka. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Dakta, unanijaribu kwa tamaa. Unataka nijipendelee? Nitangulie kwenye dawa, na mama yako mgonjwa ananitazama? Hapana. Sisi viongozi tumezoea kujinyima. Wananchi kwanza!"

Ndege yake iliruka saa chache baadaye. Kidole kilitibiwa ng'ambo, na tulionyeshwa picha: kizima, chekundu, kimenyooka, kinatunyooshea sisi.

Lakini pale uwanjani, kipaza sauti cha Tunu kilizimwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na wimbo wa taifa ukipigwa mtu hasogei. Tunu akasogea. Askari wawili wakamdaka akiwa ameshafika kwenye pipa, viatu vinaburuza vumbi. Profesa akafunua bendera. Mstari wa kwanza wa watazamaji ukarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Vijana wa hamasa wakaushika mguu wa Bi Semeni usitikisike, na ndoo ya kwanza ikamiminwa. Haikumwagika kama maji. Ilishuka nzima nzima, kama kamasi, ikakaa juu ya kidonda, ikatulia, kama iliyofika nyumbani.

Baada ya hapo, jamani, ule wekundu...

*

Ngojeni kidogo. Karibu, kaka. Karibu sana, benchi hili halina mwenyewe. Shomvi, mpe kaka chai, mwenye tai ya zambarau. Tai nzuri. Na hicho kijinasa sauti nacho ni kizuri, kiweke tu hapo mezani karibu na sukari.

Nilikuwa nasema. Baada ya hapo ule wekundu ulirudi nyuma wenyewe, kwa nidhamu, ukateremka muundi, ukatoka kwenye kidole gumba. Ndiyo, mnaguna nini? Kidonda kikafumba. Harufu ikawa ya asumini. Profesa Mbaruti akapewa taasisi ya pili, na Dakta Tunu akaomba radhi kwa furaha, akapelekwa masomoni, kila wiki anaandika barua za shukrani. Naye Bi Semeni akainuka kwenye kile kiti, akawapungia watu, akatembea mpaka nyumbani kwa miguu yake miwili. Miwili, kaka. Umeinasa? Kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Kushoto upi?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, kwenye foleni ya maandazi. Nikageuka. Magongo mawili, katikati yake kandambili moja, na juu ya yote hayo mama mmoja amejitanda kanga, ananitazama kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga.

"Nakuuliza, kijana. Kama nilitoka na miwili, wa pili uko wapi, nikauchukue? Kwa baridi hii ungenifaa."

Yule wa tai akaacha kukoroga.

"Bibi, hii ni hadithi tu," nikasema. "Tunachangamsha kijiwe."

"Hadithi." Akasogea, tak, tak. "Tunu wangu, askari walipomwachia, aliniiba wodini kwa toroli la kubebea majani ya ng'ombe, funza wananidondoka njia nzima, yeye anasukuma huku anatapika, anafuta mdomo, anasukuma. Ng'ambo ya mpaka wakanikata, nikabaki na roho. Mimi nimerudi, yeye akirudi hapa wanamfunga. Barua ipi ya shukrani? Inase na hiyo, baba, wewe mwenye tai, nami nitakutajia jina langu lote."

Kisha akanigeukia tena, akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya mikono, na hapo kwenye vidole akatulia.

"Na siku ile, fulana ya zambarau, umepiga magoti mbele yangu, umenikamata ule mguu kwa mikono yote miwili ili wamimine, huku umegeuza pua pembeni. Nayo ilikuwa hadithi?"